Kitufe cha "Ruhusu": kuondoa matangazo sugu na wapelelezi kwenye simu

Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, simu nyingi za hapa Mnyuzi, mkoani Tanga, huanza kuugua siku hiyohiyo. Mwanafunzi, mzazi wake na mjomba aliyeko Tanga mjini wote wanafungua kivinjari, wanaandika maneno yaleyale, na wote wanaangukia tovuti iliyotangulia kujitokeza, ambayo mara nyingi si ya Baraza la Mitihani. Ni ukurasa wa mtu anayeishi kwa matangazo. Kabla hujalifikia jina la shule kinatokea kisanduku: thibitisha kwamba wewe si roboti, bonyeza "Ruhusu" uendelee. Unabonyeza, maana roho iko juu na bando linakwisha. Kuanzia jioni ile simu haitulii. "Simu yako ina virusi 13." "Hongera, umeshinda." "Mkopo wa papo kwa papo." Usiku wa manane inalia tena, safari hii na picha ambayo usingependa mtoto aione.

Hapo hakuna aliyevunja kufuli. Kisanduku kile kilikuwa kinaomba idhini ya kukutumia arifa, na habari ya roboti ilipachikwa juu yake ili usisome vizuri. Ukasema ndiyo. Sehemu kubwa ya uchafu unaoelezwa katika mwongozo huu huingia hivyo, kwa ndiyo iliyotolewa haraka, na kwa sababu hiyo unaweza kuutoa mwenyewe bila kumlipa fundi. Mgeni uliyemkaribisha hatoki kwa kununiwa. Anaambiwa aondoke.

Anza na arifa

Arifa ya namna hiyo ikitokea, usiifungue. Ibonyeze bila kuachia mpaka simu ikuonyeshe imetoka programu gani. Ikiwa imetoka kwenye kivinjari, tuseme Chrome, basi ipo tovuti uliyoiruhusu na dawa yake ni hii inayofuata. Ikiwa ni programu nyingine usiyoijua, ruka hadi sehemu ya pili, kwani huo ni ugonjwa mwingine.

Kwenye Chrome, gusa vitone vitatu vya juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, na huenda ikawa ndefu kuliko ulivyotarajia, hasa kama simu hiyo hutumiwa na watoto. Zuia kila usiyoitambua. Ushauri wangu ni kuzuia zote. Sijaona tovuti ambayo ni lazima ikuamshe usiku. Palepale juu pana swichi inayoruhusu tovuti kuomba kutuma arifa. Izime, na kisanduku kile hakitakuuliza tena. Rudi hatua moja nyuma uangalie madirisha ibukizi, nayo yawe yamezuiwa. Opera ina mahali pake pa namna hiyo, na vilevile Phoenix, kivinjari kinachokuja ndani ya simu za Tecno, Infinix na itel. Vivinjari hivi viwili hupenda pia kukutumia habari vyenyewe; hizo huzimwa kwenye mipangilio ya arifa ya simu. Kama simu yako imewekwa Kiingereza majina yatakuwa tofauti, lakini vitufe viko palepale.

Na vile virusi 13? Tovuti haina uwezo wa kuingia ndani ya simu yako ikahesabu virusi. Namba hiyo imechorwa tu, humtokea kila mtu, hata mwenye simu iliyotoka dukani leo asubuhi. Anayebonyeza "Safisha sasa" ndiye anayekwenda kujipakulia virusi vya kweli.

Ukishasafisha, usirudi kwa njia ileile. Matokeo yako necta.go.tz, mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iko heslb.go.tz, kitambulisho cha taifa kiko nida.go.tz. Andika anwani yenyewe juu ya kivinjari badala ya kutafuta, au ihifadhi mara moja uwe unaigusa tu. Mwisho wa .go.tz hupewa taasisi za serikali, kwa hiyo ni kipimo kizuri, ila si kila shirika la umma linautumia. Shirika la Reli liko trc.co.tz, na anwani ya .co.tz anaweza kuisajili mfanyabiashara yeyote. Hizo inabidi uzijue kwa jina. Google nayo ikikuletea majibu, tazama yale ya juu kabisa kama yameandikwa kwamba yamedhaminiwa. Hayo yamelipiwa yakae pale, na tapeli naye ana hela ya kulipia.

Matangazo yanapofunika kioo kizima

Hali ya pili ni mbaya zaidi. Hujafungua kivinjari, pengine unapiga simu au unatoa hela kwa wakala, mara tangazo linafunika kioo chote na alama ya kufungia imefichwa pembeni. Hapo ipo programu ndani ya simu inayofanya kazi hiyo. Namna ya kumkamata mhusika ni kumvizia: tangazo likiwa bado kiooni, gusa kitufe cha kuonyesha programu zilizo wazi, kile chenye umbo la mraba au mistari. Tangazo litasinyaa liwe kadi, na juu ya kadi utaona nembo ya programu iliyolileta. Mara nyingi ni tochi, kikokotoo, mchezo wa mtoto, au programu iliyojinadi kwamba inaisafisha simu na kuipa kasi. Hizi za kusafisha simu ndizo ninazozishuku kuliko zote. Simu ya Android ya leo haina haja nazo hata moja.

Nenda Mipangilio, Programu, uitafute na kuiondoa. Ikikataa kuondoka, huenda ilijipa cheo cha msimamizi wa kifaa: tafuta neno "msimamizi" kwenye mipangilio ya usalama, mvue cheo, kisha iondoe. Ikiwa tangazo halikupi hata nafasi ya kugusa kitu, washa simu katika hali salama. Kwa simu nyingi, unashikilia kitufe cha kuzima, halafu unabonyeza neno la kuzima bila kuachia mpaka uulizwe kuhusu hali salama. Katika hali hiyo programu ulizopakua hulala zote na unaweza kufanya kazi kwa utulivu.

Zingine hujificha. Hazina nembo kwenye kioo, na ndani ya orodha ya programu hukaa bila jina au na jina linalofanana na la simu yenyewe. Hizo utazijua kwa ulaji wao. Fungua matumizi ya data ya mwezi, uone nani anakula bando. Programu ambayo hujawahi kuifungua lakini imemaliza mamia ya megabaiti ndiyo inayopakia matangazo usiku umelala. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hasara inaanzia hapo, kabla hata ya kufikia habari ya kuibiwa siri.

Ukishapata mhusika, jiulize alipitia wapi. Kwa vijiji vya Korogwe na Handeni jibu la kawaida ni kurushiana. Bando ni ghali, Play Store inakula bando, kwa hiyo kijana anamwambia mwenzake "nirushie" na programu inahama kutoka simu hadi simu kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, bila kupita mahali popote inapokaguliwa. Kurushiana nyimbo na video hakuna neno. Faili ambalo jina lake linaishia na herufi apk ni programu nzima, na kulifungua ni kuiweka kwenye simu.

Inayoongoza katika hizo ni GB WhatsApp na ndugu zake. Wanaipendea kwamba inaficha kuwa uko hewani na inakuonyesha ujumbe uliofutwa. Lakini hiyo si WhatsApp. Imefunguliwa na watu wasiojulikana, ikaongezwa mambo, ikafungwa tena, na kilichoongezwa hukioni. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo la mmoja wa ndugu hao, FMWhatsApp, lilikuwa limebeba Triada, programu inayoweza kuonyesha matangazo, kumsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia na kusoma ujumbe wake mfupi. Mwaka 2022 ikakutwa tena ndani ya YoWhatsApp. Mwaka 2023 Kaspersky wakagundua matoleo mengine yaliyotiwa upelelezi wa moja kwa moja. Fikiria ujumbe mfupi ni kitu gani Tanzania: ndimo zinamoingia namba za uthibitisho, ndimo lilimo salio lako la M-Pesa au Mixx. Anayesoma ujumbe wako hahitaji kukuibia simu.

Haki inataka niseme pia kwamba kuna wakati mwenye simu hana kosa lolote. Agosti 2020 wachunguzi wa Secure-D ya kampuni ya Upstream, pamoja na waandishi wa BuzzFeed News, walieleza kwamba simu za bei nafuu aina ya Tecno W2 zilizouzwa Afrika zilikutwa zikiwa na Triada na nyingine iitwayo xHelper tangu kiwandani. Walihesabu majaribio milioni 19.2 ya miamala ya kutiliwa shaka kutoka kwenye simu zaidi ya 200,000 tangu Machi 2019, mengi yakiwa ya kuwasajili watu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Nchi zilizotajwa zaidi ni Misri, Ethiopia, Kamerun, Ghana na Afrika Kusini. Transsion, kampuni mama ya Tecno, ilisema kosa lilikuwa la mgavi katika mnyororo wake na kwamba ilishatoa marekebisho. Marekebisho hayo huwafikia wanaokubali kusasisha simu. Kwa hiyo simu ikikuomba kusasisha mfumo usiiahirishe mwaka mzima. Ukienda Korogwe au Tanga ukapata Wi-Fi ya kuaminika, fanya siku hiyo. Chrome yenyewe isasishe hata kwa bando lako, kwani matundu mengi ya kivinjari huzibwa kwa njia hiyo tu. Na vocha ikiyeyuka bila maelezo, piga 100 kwa mtandao wako uulize umejisajili huduma gani, uombe zote ziondolewe.

Mkopo unaosoma majina yako

Sasa tuje kwa mpelelezi anayeumiza watu wengi zaidi kwetu, na ambaye haji kwa jina hilo. Anakuja kwa jina la mkopo.

Mama lishe anahitaji shilingi 50,000 za kurudisha mtaji. Anaona tangazo kwenye Facebook, anabonyeza, kivinjari kinampakulia programu. Inaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, ujumbe mfupi, picha, na kujua mahali alipo. Anaruhusu yote kwa sababu bila hivyo haisongi mbele. Hela inaingia pungufu, gharama zimekatwa mbele, na siku ya kulipa ni wiki ijayo. Akichelewa, ujumbe unakwenda kwa watu wasiohusika: mama mkwe, mwalimu wa mtoto, mwenyekiti wa kitongoji, wateja. Wanaambiwa huyu ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Wengine hutumiwa picha yake.

Haikuwa lazima mtu adukue chochote. Majina yote yalisombwa dakika ile ile aliyobonyeza "Ruhusu", yakaenda kukaa kwenye kompyuta za mkopeshaji. Hapa pana jambo ambalo wengi hulielewa wakiwa wamechelewa: kuifuta programu hakurudishi majina. Na wewe ambaye hujawahi kukopa hata shilingi unaweza kuwa umo, kwa kuwa namba yako imo kwenye simu ya jirani aliyekopa.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kenya ilikwishapitia hayo: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini kampuni ya mikopo ya Whitepath shilingi za Kenya milioni 5, na Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000, kwa kutumia namba za watu isivyostahili. Na mwaka huohuo, tangu 31 Mei, Google ilipiga marufuku programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma majina na picha za mteja. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, ila elewa matokeo yake: mkopeshaji anayetaka majina yako sasa ana sababu ya kukupitisha kando, kwenye kiungo cha kivinjari, upakue apk mwenyewe. Programu ya mkopo inayokutaka uipakue nje ya Play Store imekwisha kukueleza inachotafuta.

Usidhani kwamba jina kubwa linatosha. Opera, waliotengeneza kivinjari kinachopendwa huku kwa kubana bando, waliwahi kuendesha pia huduma za mikopo Kenya, OKash na OPesa. Januari 2020 kampuni ya uchambuzi ya Hindenburg ilizituhumu kwa riba, muda mfupi wa marejesho na namna zilivyowafuata watu waliomo kwenye simu za wadaiwa. Opera ilikanusha ripoti ile. Vyovyote iwavyo, kivinjari kizuri hakimfanyi mwenye kivinjari kuwa mkopeshaji mwema.

Kabla ya kukopa, angalia jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, bot.go.tz. Jina la programu na jina la kampuni huwa tofauti. Usipoona jina la kampuni popote, acha. Kama umeshakopa, lipa deni halali, kisha nenda Mipangilio, Programu, Ruhusa, uzime majina, ujumbe na mahali kabla ya kuiondoa programu. Hutarudisha yaliyokwisha kuchukuliwa, lakini majina mapya hayataongezeka. Hifadhi ujumbe wa vitisho, hata ule uliotumwa kwa mama mkwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imeunda Tume ya kupokea malalamiko ya aina hiyo, na malalamiko bila ushahidi hayafiki mbali.

VPN ya bure

Tangu Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa nchini, hata watu wasiojua kirefu chake wana VPN kwenye simu. Upande wa sheria, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilishatangaza Oktoba 2023 kwamba wanaozitumia watoe taarifa. Mimi nazungumzia upande mwingine. VPN hupitisha kila unachofanya mtandaoni kwenye mitambo ya mwenye VPN, na mitambo hiyo ina gharama. Kama hulipi, mtu analipwa kwa njia nyingine. Facebook ilikuwa na yake ya bure, Onavo, iliyokuwa ikikusanya habari za programu watu wanazotumia, hadi Apple ilipoilazimisha itoke kwenye duka lake Agosti 2018. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa 911 S5, uliojengwa kwa VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN: anwani za intaneti milioni 19 za watu wa kawaida zilikodishwa kwa wahalifu, wakafanya uhalifu wakionekana kama wenye anwani hizo. Ukiona VPN ya bure yenye matangazo kila unapoiwasha, iondoe leo.

Mpelelezi anayelala nyumbani mwako

Mtu akikwambia "simu yangu imedukuliwa, mume wangu anajua kila ninachoandika", mara tisa kati ya kumi sianzi na virusi. Ninamwambia afungue WhatsApp, aingie kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kama kuna kompyuta au simu asiyoijua, jibu limepatikana: mtu alichukua simu yake kwa dakika moja, akaielekeza kwenye kompyuta, akairudisha mezani. Iondoe pale pale, kisha weka uthibitishaji wa hatua mbili wenye namba ya siri. Fanya hivyo hivyo kwa akaunti ya Google, ambako utaona vifaa vyote vilivyoingia. Ukikuta simu yako ya zamani uliyomuuzia mtu bado imo, nayo itoe.

Zipo pia programu za upelelezi zinazouzwa waziwazi mtandaoni kwa wazazi, waajiri na wenye wivu. Nyingi zinahitaji mtu aishike simu yako ili aziweke. Septemba 2025 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walieleza kwamba walikuta moja ya hizo, FlexiSPY, kwenye vifaa vya watengenezaji filamu wa Kenya waliokamatwa Mei mwaka huo, na kwamba iliwekwa wakati vifaa viko mikononi mwa polisi. Kwa mtu wa kawaida somo ni dogo na halina siasa: simu iliyotoka mkononi mwako ikiwa haijafungwa, ikarudi, ichunguze. Angalia mipangilio ya msaada kwa wasioona na wasiosikia. Hapo ndipo programu za upelelezi hupenda kujipa uwezo wa kusoma kila kinachoandikwa kiooni, na kama hutumii huduma hizo, pasiwe na programu iliyowashwa. Angalia pia kama Play Protect, kinga ya Google inayokagua programu, imezimwa. Inafunguliwa ndani ya Play Store kwa kugusa picha yako. Mwenye kuweka mpelelezi huizima kwanza.

Na kwa anayefikiria kumwekea mwenzake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Cheti cha ndoa si idhini.

Tahadhari moja. Kama mtu aliyekuwekea kitu hicho ni mkali, usikiondoe kwa ghafla, kwa sababu atajua. Tumia simu ya mtu mwingine kutafuta msaada kwanza.

Mambo machache ya kivinjari

Hali fiche haikufichi kwa watu wa nje. Inafuta historia kwenye simu yako tu. Tovuti, mtandao wako wa simu na mwenye Wi-Fi wanaendelea kuona. Inafaa unapoazima simu ya mtu.

Opera Mini ikiwekwa kwenye ubanaji wa mwisho kabisa, kurasa hupita na kufunguliwa kwanza kwenye mitambo ya Opera kabla ya kukufikia. Kwa habari za mpira hakuna tatizo. Kwa benki au barua pepe, punguza ubanaji au tumia kivinjari kingine.

Kwenye kompyuta za steshenari unapokwenda kuchapisha barua ya ajira, usikubali kivinjari kihifadhi nywila, na ukimaliza ondoka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu. Kama kompyuta ni yako, kagua viendelezi vya kivinjari. Hivi ni vijiprogramu vinavyobandikwa ndani ya Chrome au Firefox, na vingi vinaweza kusoma kila ukurasa unaofungua. Kisichojulikana kazi yake kiondoke. Hata mlinzi mchunguze: Avast, kampuni ya kuzuia virusi, ilikutwa ikiuza historia za kuvinjari za wateja wake kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot, ikaifunga mwaka 2020, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikaitoza dola milioni 16.5.

Ukiwa umeshapigwa

Kama unashuku kwamba mtu anasoma ujumbe wako au hela imeanza kutoka, usibadilishe namba za siri kwenye simu hiyohiyo. Anayetazama ataziona mpya pia. Toa laini, itie kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Kitochi hakina pa kuwekea takataka hizi. Hapo badilisha namba ya siri ya pesa: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Mimi naona hata bila tatizo laini ya pesa ingebaki kwenye kitochi moja kwa moja, na simu janja ikapewa laini ya bando. Ni ushauri wa kizamani, lakini sijaona ulio bora zaidi kwa bei hiyo.

Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwenye ofisi ya mtandao husika ukaikane. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Nywila za Google na Facebook zibadilishe kwenye simu ya mtu unayemwamini. Kama hela imekwisha kuibiwa, piga mtandao wako kwanza wazuie muamala, kisha nenda polisi. Kila saa inayopita mwizi anatoa zaidi.

Mwisho kabisa ni kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Hufuta karibu kila kitu, ingawa xHelper iliyotajwa huko juu ilijulikana kwa kubaki hata baada ya hapo, na simu ya hivyo inahitaji fundi aweke mfumo upya. Kabla hujafanya hivyo, nakili namba za watu muhimu kwenye daftari, toa picha unazozitaka uziweke kwenye memori kadi, na usizirudishe apk za zamani. Hakikisha pia unaijua barua pepe na nywila ya akaunti ya Google iliyomo sasa. Ukiirudisha simu kwa kutumia vitufe vya pembeni, itakuuliza akaunti hiyo inapowaka. Mafundi wengi hapa walifungua akaunti kwa niaba ya wateja siku simu iliponunuliwa, na hawakumbuki waliandika nini. Kama simu yako ni mojawapo, fungua akaunti yako mwenyewe kwanza, iweke ndani, itoe ya fundi, ndipo uanze kufuta.